Nawaamini Wote Wawili

Mwanangu,

Ile riwaya ya Amish uliyoniletea kutoka Pune, Scion of Ikshvaku ya mwaka 2015, inayosimulia upya Ramayana, utenzi wa kale wa Kihindi, nimeimaliza jana baada ya isha. Nimeliona na swali lako la penseli pembeni mwa ukurasa: "Baba, Dasharatha wa Ramayana alikufa kwa kumpenda Ram. Huyu wa Amish hataki hata kumwona. Unamwamini yupi?"

Nawaamini wote wawili.

Yule mfalme Dasharatha wa Valmiki, mtunzi wa Ramayana, alikaa miaka na miaka akiomba mtoto wa kiume, kisha ahadi aliyompa mkewe Kaikeyi ikamlazimu kumwacha mwanawe Ram aende msituni miaka 14. Majonzi yakamuua. Mimi kinachonikaa moyoni ni usiku wake wa mwisho, anapomsimulia Kaushalya, mama yake Ram, jambo la ujanani. Gizani kando ya mto Sarayu alisikia mtungi ukijaa maji, akadhani tembo anakunywa, akaachia mshale. Kumbe ni kijana anawatekea maji wazazi wake vipofu! Baba wa kijana akamlaani: nawe utakufa kwa uchungu wa mwana. Basi mfalme anakata roho akijua kosa ni lake.

Wa Amish halijui hilo. Kapigwa vitani na Raavan, mfalme wa Lanka, na siku ileile Ram kazaliwa. Mfalme akasema mtoto ni kisirani, na watu wa ufalme wakaitikia. Sioni kama mwandishi kamwonea mzee wa watu. Aliyeshindwa hutafuta wa kumtwisha, na kitoto kichanga hakina mdomo wa kujibu.

Haya nayajua, mwanangu. Ulizaliwa usiku ambao duka letu la vitambaa liliungua. Nimerudi alfajiri, majirani wamekaa barazani, mmoja akasema, "Huyu kaja na mkosi wake." Sikumjibu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilinyamaza, na kwa kitambo kidogo neno lake likaniingia. Mkunga aliponinyooshea wewe nikarudi nyuma, nikasema mikono yangu ina masizi, nisije nikamchafua mtoto.

Mama yako alikuwa amelala kaupa ukuta uso, nikadhani kasinzia. Akaita ndani waniletee beseni la maji na sabuni. Akageuka, akaniangalia nikinawa mpaka nilipomaliza.

Baba yako