Milioni 60 kwenye hatifungani, niache kazi nikiwa na miaka 45?

Mkuu, umeuliza kama milioni 60 ukizitia zote kwenye hatifungani za serikali (unaikopesha serikali, nayo inakulipa riba mpaka muda uishe) zinakutosha kuaga ajira ukiwa na miaka 45. Mimi ninayo ya miaka 20 tangu 2019, ngoja nikusimulie inavyokwenda.

Nilichukua ya milioni 20, kuponi, yaani riba ya mwaka, 15.49%. Kila baada ya miezi sita simu inalia: 1,549,000 imeingia. Haikatwi kodi, na hakuna mteja wa kukukopa. Kabla ya hapo nilifuga kuku wa mayai 300, mdondo ukapita, ndani ya wiki nikabaki na banda na madumu ya maji. Ile meseji ya kwanza ya benki niliisoma mara tatu.

Tatizo ni kwamba itaingia 1,549,000 ileile mpaka 2039. Mwanzoni ililipa ada ya wanangu wawili na chenji ikabaki. Siku hizi naongezea.

Sasa zako. Mwaka 2022 Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ilishusha kuponi ya miaka 20 hadi 12.10%. Kwa kiwango hicho milioni 60 zinazaa 7,260,000 kwa mwaka, yaani 605,000 kwa mwezi. Tuseme bei zinapanda 5% kila mwaka: ukifika miaka 60, hiyo 605,000 itanunua vitu vya 291,000 ya leo. Ndiyo maana ile kanuni ya Wamarekani, ya mstaafu kuanza kwa kutumia asilimia 4 tu ya akiba yake kwa mwaka, inaonekana ndogo. Faida nyingine inaachwa ikuze mtaji. Wengi wetu tunasoma riba ya 12 tunadhani yote ni ya kula.

Mimi theluthi ya kuponi siigusi. Naiweka Mfuko wa Ukwasi wa UTT, mfuko wa uwekezaji wa pamoja ambao pesa unaitoa ukiihitaji. Ikifika milioni moja naingia nayo mnada unaofuata wa hatifungani. Dharura nazo natoa hukohuko, maana hatifungani ukitaka kuiuza kabla ya muda utapata bei ya soko ya siku hiyo, nzuri au mbaya.

NSSF usiihesabu kwa sasa, pensheni ya hiari ni kuanzia miaka 55. Miaka kumi hiyo utakuwa mwenyewe, tena bila kadi ya bima ya mwajiri. Mkeo ana ajira yenye bima?

Na hujasema kama una nyumba yako au umepanga. Kama umepanga, nisingeandika barua ya kuacha kazi bado.