Insha ya Kiswahili kwa APA toleo la 7: "marejeleo hayaoani" maana yake nini

Mkuu, umeuliza kwa nini mhadhiri kakurudishia insha na kuandika "marejeleo hayaoani" ilhali orodha unayo, tena ndefu. Anamaanisha kwamba ndani ya insha kuna majina ambayo hayamo orodhani, au orodhani kuna vitabu ambavyo hukuvitaja popote. APA, yaani mtindo wa marejeleo wa Chama cha Saikolojia cha Marekani, haikubali lolote kati ya hayo. Anzia hapo kabla hujagusa nukta na mikato. Chapa insha, shika kalamu, kila penye mabano ya mwaka tafuta mwenzake orodhani na uweke tiki pande zote mbili. Kitakachobaki bila tiki ndicho kilichokuponza. Miaka nayo iangalie: ndani 1980, orodhani 1990, hapo hakuna kuoana.

Sasa majina, maana fasihi yetu ina mtego wake. Kuna Said Ahmed Mohamed na kuna Mohamed Suleiman Mohamed, wote Wazanzibari, wote waandishi wa riwaya. Ukiwatumia wote wawili, (Mohamed, 1980) haitoshi hata kama miaka inatofautiana. Andika (S. A. Mohamed, 1980) na (M. S. Mohamed, 1972) kila unapowataja. Orodhani jina la mwisho ndilo hutangulia: Mohamed, S. A. (1980). Utengano. Longman. Jina la kitabu liwe kwa italiki. Na usitafute jiji la mchapishaji, halipo. Lilikuwepo mpaka toleo la 6. Toleo la 7, lililotoka Oktoba 2019, limeliondoa. Tasnifu nyingi za zamani zina "Nairobi:" au "Dar es Salaam:" mbele ya mchapishaji, na ukinakili kutoka humo unabeba kanuni iliyokwisha muda.

Kamusi ya Kiswahili Sanifu nayo huwachanganya watu. Toleo la pili, la 2004, ni la TUKI. Wapo wanaoandika TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili) kwa sababu taasisi ilibadilika jina 2009. Usifanye hivyo, fuata jina lililochapwa kwenye nakala uliyoshika. Mara ya kwanza ni (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili [TUKI], 2004), kisha (TUKI, 2004) inatosha. Orodhani weka jina refu.

Waandishi wawili hutajwa wote kila mara. Wakiwa watatu au zaidi, taja wa kwanza "na wenzake" tangu mara ya kwanza, ila orodhani waandike wote mpaka 20. Kama idara yenu inataka "et al.", sawa, lakini usichanganye: ukianza na "na wenzake", basi kurasa ziwe "uk." na "kur." mpaka mwisho.

Nukuu isiyofika maneno 40 hukaa ndani ya sentensi kwa alama za mtajo. Ikifika 40 inapewa aya yake, unaisogeza ndani sm 1.27, alama za mtajo zinaondoka, na nukta inawekwa kabla ya mabano. Zote zinadai namba ya ukurasa. Lakini sisi tunaoandika kwa Kiswahili husoma sana vitabu vya Kiingereza, na hapa wengi hukosea: sentensi uliyoitafsiri mwenyewe si nukuu tena. APA inaihesabu kuwa maelezo kwa maneno yako, kwa hiyo hakuna alama za mtajo. Mwandishi na mwaka vinabaki palepale. Ukurasa si lazima, ila mimi ningeuweka, msomaji apate pa kuhakikishia.

Ulichokisoma ndani ya kitabu cha mwingine, sema "kama alivyonukuliwa na" fulani, na orodhani aingie huyo fulani tu.

Umbo la karatasi ni jepesi: pambizo sm 2.54, nafasi ya mistari miwili hadi kwenye orodha, Times New Roman 12 au Calibri 11. Marejeleo yaanze ukurasa mpya, mstari wa kwanza wa kila ingizo ukingoni na inayofuata ndani sm 1.27. Kwenye Word ni Ctrl+T. Ukipanga kwa kubonyeza nafasi, ukibadili fonti tu kila kitu kinavurugika.

Kifaa cha marejeleo kilichomo ndani ya Word mara nyingi bado ni cha APA 6, ndiyo maana jiji linarudi. Zotero, programu ya kupanga marejeleo, ni ya bure na ina toleo la 7, ila huandika "et al." na "&". Ukirekebisha kwa mkono mapema, itayarudisha ikijihuisha. Maliza insha, tengeneza nakala, kata viungo vya Zotero kwenye nakala hiyo, ndipo urekebishe.

Na marejeleo uliyopewa na roboti wa kuandika, usiyaamini kwa sura. Chukua DOI, yaani namba ya kudumu ya utambulisho wa makala, iweke baada ya https://doi.org/ uifungue. Isipofunguka, au ikileta makala nyingine, tafuta kichwa cha makala kwenye tovuti ya jarida lenyewe. Kisipokuwepo, kitoe orodhani pamoja na hoja uliyoijenga juu yake.