FSA ID ni saini yako, usimwachie mtu akufungulie

Mdogo wangu alivyomaliza high school hapa Houston, nyumbani wote tulikua tunaiogopa fomu ya FAFSA, ile ya kuomba msaada wa serikali ya Marekani wa kulipia chuo, mama kiingereza bado kinamsumbua, mimi naingia kazi za usiku, basi tukampata kaka mmoja tunayesali nae alikua anawajazia watu wengi tu, tukampa taarifa zote na dola 80 juu, na ile fomu ni bure kabisa ndugu zangu, serikali haitozi hata senti. Akamfungulia mdogo wangu FSA ID, yani akaunti ya kuingilia na kusainia fomu, akajaza, Pell Grant ikatoka, ile hela ya serikali isiyorudishwa, tukamshukuru Mungu.

Shida ikaja mwaka wa pili, manake FAFSA inajazwa kila mwaka. Mdogo wangu anajaribu kuingia anaambiwa weka namba tuliyokutumia, imetumwa wapi? Kwenye imeili ya yule kaka! Namba ya simu nayo ya kwake, na yeye kashahama state na simu hapokei. Tumehangaika karibu mwezi, kupiga simu, kusubiri laini, kutuma vitambulisho, mpaka akaunti inarudi mikononi mwetu dedilaini ya chuo imeshapita na grant ya chuo kaikosa. Iliniuma sana, mtoto alilia.

Wengi wanaichukulia FSA ID kama paswedi ya Facebook. Zamani ilikua PIN ya tarakimu 4, tangu Mei 2015 ndo ikawa jina la kuingilia na paswedi, ila kazi yake ni ileile, ni saini yako kisheria. Ndo unasainia FAFSA, na ndo hiyohiyo unasainia mkataba wa mkopo, ule Master Promissory Note. Yani mwenye nayo anaweza kusaini deni kwa jina lako wewe umelala. Ndo maana hata mzazi haruhusiwi kumfungulia mwanae, kila mtu afungue ya kwake.

Sasa ukifungua, ingia mwenyewe studentaid.gov, usipitie linki ya kutumiwa WhatsApp. Jina liandike vilevile lilivyo kwenye kadi ya Social Security, ile yenye namba yako ya utambulisho ya Marekani, hapa ndo watu wetu wanakwama sana. Majirani zetu Wakongo waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wengi majina yaligeuzwa, la ukoo likawa la kwanza, na tarehe ya kuzaliwa wameandikiwa Januari 1. Usisahihishe kwa kichwa chako hata kama unajua ulizaliwa Agosti, jina weka lililopo kwenye kadi, na tarehe weka ileile waliyonayo Social Security kwenye kumbukumbu zao, la sivyo mfumo unakukataa. Kama unataka kurekebisha kaanzie kwanza ofisi ya Social Security.

Imeili weka ya kwako binafsi, sio ya shule, ya shule ukimaliza wanaifunga na mkopo bado utakua unaulipa miaka 10 au zaidi. Na mzazi na mtoto hawawezi kutumia imeili moja wala simu moja kwenye akaunti mbili, inagoma. Mzazi asiye na namba ya Social Security nae siku hizi anafungua ya kwake, msikate tamaa kwa hilo. Fanyeni mapema, fomu kawaida inafunguliwa Oktoba, msisubiri usiku wa mwisho.

Alafu wanakupaga namba ya akiba ya kuingilia siku simu ikipotea, hiyo iandike kwenye karatasi, usiipige picha ukaiacha kwenye simu hiyohiyo. Mtu akikupigia anasema anatoka Federal Student Aid, ile ofisi ya serikali ya misaada na mikopo ya wanafunzi, anataka paswedi yako, kata simu, wao hawaulizi paswedi. Anayekusaidia kujaza akae pembeni akuelekeze, kuchapa uchape wewe.

Mama nilikaa nae Jumapili moja baada ya ibada, akachapa mwenyewe herufi moja moja, ilituchukua zaidi ya saa. Karatasi yake iko kwenye bahasha moja na pasipoti, na paswedi yake mimi mwenyewe siijui.