Jina la nkambo halimo Zanzibar

Swali: Ninaandika toka Katuba, Lubumbashi. Mama yangu alituambia kwamba nkambo wake, mama wa mama yake, aliibwa na watu wa Rumaliza akiwa mtoto mdogo, halafu akakulia kwa Mapadri Weupe kule Mpala, kando ya ziwa. Hapa mjini kuna bwana anayesema rejista ya watumwa ya Tippu Tip iko Zanzibar. Kwa dola 120 atalileta jina la nkambo pamoja na cheti cha asili, ambacho kitatumika siku fidia itakapolipwa. Nikiongeza dola 90 atapima mate yangu. Nilipe?

Jibu: Usilipe, Mama. Rejista hiyo haikupotea wala haikufichwa. Haikuandikwa kamwe.

Misafara iliyofika Maniema, mashariki ya Kongo, na ng'ambo hii ya ziwa Tanganyika ilitembea kwa mkopo. Matajiri wa Unguja, kama Taria Topan aliyemkopesha Tippu Tip, walitoa vitambaa, shanga, bunduki na baruti, wakangoja pembe za ndovu. Kilichoandikwa kilikuwa deni na frasila, kila frasila ratili 35, karibu kilo 16. Tippu Tip alituachia habari za maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili: zimejaa pembe, bei, na masultani aliopigana nao. Mtoto aliyefungwa kamba kijijini hana mstari humo. Hata forodha ya Unguja ilitoza ushuru kwa kichwa, haikuuliza mtu anaitwa nani. Tena huyo bwana hajasikiliza hata maneno yako. Umemtajia Rumaliza, yaani mfanyabiashara Muhammad bin Khalfan wa Ujiji, naye anakuuzia daftari la Tippu Tip.

Zanzibar ziko orodha za majina, hilo ni kweli. Ni za watu walioandikwa huru huko huko kisiwani, mbele ya konseli wa Uingereza na, baada ya amri ya 1897, mbele ya mahakama. Nkambo wako hakuvuka hata ziwa. Angetafuta nini humo?

Hapo ndipo kosa ninaloletewa karibu kila wiki: watu wanaamini kwamba kila aliyekamatwa alipelekwa pwani. Mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 ulifunga soko la Unguja na kukataza kusafirisha watumwa baharini. Uwindaji wa watu huku bara haukupungua kwa sababu hiyo. Kasongo na Nyangwe, miji ya Waarabu huko Maniema, zilihitaji mikono ya kulima mpunga, mabega ya kubeba pembe, vijana wa kushika bunduki, wanawake wa kupika na kuzaa. Ngongo Lutete alikamatwa akiwa mtoto, akakua hadi akawa jemadari mwenye maelfu ya watu, na waliomuua mwaka 1893 walikuwa maofisa wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji aliokuwa akiwapigania. Sehemu kubwa ya mateka wa Maniema walibaki Kongo, Ujiji au Tabora. Wajukuu wao ndio sisi tunaopanga foleni moja sokoni.

Kwa hiyo anza hapa hapa, na uanze na watu kabla ya karatasi. Ila usiulize, "Nkambo alikuwa mtumwa?" Neno hilo bado linamnyima mtu shamba na kiti cha uchifu, na mzee mwenye akili atakukatalia mbele ya watu. Uliza nani alipokea mahari yake. Watabwa wa Mpala na Moba huhesabu ukoo kwa mama, na mjomba ndiye mwenye neno katika ndoa. Mtoto aliyeibwa hakuwa na mjomba, na watoto wake waliingia ukoo wa baba kwa kukosa mahali pengine. Ukiambiwa mahari ilipitia kwa mapadri, au mjomba hatajwi popote, umepata jibu bila kumwaibisha mtu. Uliza pia mwiko wake wa chakula, maneno aliyombolezea, na lugha aliyotumia alipokasirika. Kabila linalotajwa leo nyumbani huenda ni la mahali alipolelewa tu.

Miaka ya wazee ipime kwa mambo yanayojulikana: vita vya Dola Huru ya Leopold na Waarabu, 1892 hadi 1894, wabeba mizigo wa vita vya Tabora, 1916, homa kubwa ya 1918. Kama nkambo alikuwa na mtoto mgongoni wabeba mizigo walipopita, tarehe ya kuzaliwa kwake imeshabanwa kiasi.

Sasa karatasi. Mapadri Weupe walikabidhiwa Mpala mwaka 1885, na hapo, kama katika kituo chao cha Kibanga, walikomboa watoto kwa vitambaa na shanga. Kosa la kwanza la wanaotafuta ni kufungua daftari la ubatizo la mwaka ule ule mtoto aliokombolewa, kutomkuta, na kukata tamaa. Kanuni ya Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa mapadri hao, ilitaka miaka 4 ya maandalizi kabla ya ubatizo, isipokuwa mtu akiwa kufani. Aliyefika 1887 mtafute kuanzia 1891, na ongeza miaka kadhaa kama alifika mdogo sana. Usitafute kwa jina la Kizungu pekee, kwa maana Maria walikuwa wengi mno. Tazama jina la kwao lililoandikwa kando yake, na ulisome kwa sauti, kwa sababu padri Mfaransa aliandika "ou" mahali pa "u" na "tch" mahali pa "ch". Nafasi ya wazazi ikiwa tupu, usidhani ukurasa umechezewa: kwa mtoto aliyekombolewa hilo ni la kawaida. Pembezoni mwa mstari huandikwa ndoa. Fuata hiyo, maana itakupa mume, kijiji na mashahidi, na mashahidi mara nyingi walikuwa watoto waliolelewa pamoja naye.

Daftari la parokia likiwa limeungua au limeliwa na mchwa, usirudi nyumbani kwanza. Sheria ya Kanisa ya 1917 ilidai nakala ya kila mwaka ipelekwe kwa askofu, kwa hiyo iandikie ofisi ya jimbo la Kalemie-Kirungu. Kila kituo cha mapadri hao kiliandika pia shajara ya siku kwa siku, na shirika lao lina hifadhi yake Roma. Humo hutapata ukoo wako. Unaweza kupata siku ambayo kundi la watoto lilifika, na wametoka upande gani.

Mate nayo, yaani kipimo cha vinasaba? Huyu nkambo ni mmoja kati ya 8 wa kizazi chake waliokuzaa. Sehemu yake katika damu yako ni kama asilimia 12. Kwa kuwa anatoka upande wa mama moja kwa moja, kipimo cha ukoo wa mama kingemgusa, lakini kingetaja tawi ambalo limeenea katika nchi nyingi za Afrika. Hakitaji kijiji. Hakijui nani alifungwa kamba na nani aliifunga. Ndugu wa mbali anaonekana tu kama naye alipimwa, na watu wa Maniema na Tanganyika waliopimwa ni wachache sana.

Maneno haya si kwako peke yako, Mama, kwa sababu wauzaji wa asili wameongezeka na wote wanauza Zanzibar. Wanawauzia hata watu wa Bunkeya, ambako mfalme Msiri, hadi alipouawa tarehe 20 Desemba 1891, alipeleka watu na pembe pia magharibi, kwa misafara ya Waovimbundu iliyokwenda Benguela. Wengi wa njia hiyo waliishia mashamba ya Angola, na wengine kakao ya São Tomé, kwa jina la wafanyakazi wa mkataba. Ndugu yao atawatafuta Unguja hadi achoke. Wanawauzia pia hadithi kwamba Wabelgiji walikuja kuwafungua watumwa, wakiruka mwaka 1887 ambapo Leopold alimwajiri Tippu Tip kuwa liwali wa Stanley Falls kwa pauni 30 kwa mwezi, na wakiruka "walioachiwa huru" waliotiwa jeshini au katika kazi ya miaka 7.

Kuhusu fidia: hakuna mfuko unaolipa mtu kwa kuonyesha cheti cha nkambo. Mpango wa nchi za Karibiani wa 2014 unadai kutoka serikali kwa serikali. Tume ya bunge la Ubelgiji ilimaliza kazi Desemba 2022 bila hata kukubaliana juu ya kuomba radhi. Cheti cha dola 120 utakipeleka dirisha gani?

Na kama huyo bwana ameshaomba kadi ya ubatizo ya mama yako au kitabu cha kikoloni cha nkambo "akakifanyie nakala", kidai leo. Karatasi hizo ndizo anazotumia kutengenezea vyeti vya watu wengine. Zipige picha kwa simu, mbele na nyuma, pamoja na mihuri, na zenyewe zisitoke nyumbani.