Muulize Mzee wa Kanda: Nyundo za Sheffield, tumbusi wa Maasai Mara

SWALI: Shikamoo Mzee wa Kanda. Natengeneza midundo kwa kompyuta hapa Morogoro. Rafiki yangu anasema kuna bendi ya Uingereza, Cabaret Voltaire, iliyopiga muziki wa mashine tangu miaka ya 1970, na kwamba mmoja wao baadaye alikwenda Kenya kurekodi wanyama. Nimesikiliza wimbo wao mmoja nikasikia kelele tupu. Habari ya Kenya ni kweli? Na mtu kama mimi anaanzia wapi kuwasikiliza?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Habari ya Kenya ni kweli, na ndiyo itakayokufungulia hizo kelele.

Huyo ni Chris Watson. Alikuwa bado mtoto alipopewa na wazazi wake kinasa sauti cha kanda. Akakiacha nje, pale ndege walipowekewa chakula, akaingia ndani, kisha akasikiliza yaliyotokea yeye hayupo. Mwaka 1973, mjini Sheffield, yeye na Richard H. Kirk na Stephen Mallinder walianza kujifungia darini nyumbani kwa akina Watson na vinasa sauti vyao. Walikata kanda, wakaunga mwisho na mwanzo ili zizunguke bila kukoma, wakazicheza kinyumenyume. Jina walilitoa kwenye klabu iliyofunguliwa Zürich, Uswisi, mwaka 1916 na wasanii wa Dada, kundi lililoikejeli sanaa iliyozoeleka.

Nimekuwa fundi mitambo wa redio enzi za kanda za rili, kwa hiyo kazi ile naijua: wembe, utepe wa gundi, na penseli ya kutia alama pa kukata. Ukikata pasipostahili, silabi nzima inamezwa. Kipande cha sekunde chache kinaweza kula jioni yote. Mtu akiniambia vijana wale walikuwa wanabahatisha, huwa nabisha mpaka mwisho.

Sasa fikiria Sheffield yenyewe, mji wa viwanda vya chuma. Onyesho lao la kwanza, mwaka 1975, walizungusha kanda yenye mlio wa nyundo ya mvuke, hiyo ndiyo ikawa ngoma yao. Ukumbi ulikuwa umejiandaa kwa roki. Watu walivamia jukwaa, ngumi zikarushwa, Mallinder akapelekwa hospitali. Panki, ile roki ya kasi na hasira, ilikuwa bado haijalipuka Uingereza. Ilipolipuka na kupisha muziki mwingine nyuma yake, hawa walikuwa na miaka kadhaa ya mazoezi ya darini. Kampuni ya Rough Trade ya London ikawatolea santuri mwaka 1978, na mwaka uliofuata ukaja wimbo "Nag Nag Nag": mashine ya ngoma isiyopumzika, gita lililochakazwa, na sauti ya Mallinder inayokuja kama ya mtu anayepiga simu kwenye laini mbovu. Nadhani ndio uliokukimbiza. Usiukimbie. Ufuate ule mdundo wa chini, mengine yaache yapite juu yake.

Watson aliondoka mwaka 1981, akaajiriwa na Tyne Tees, kituo cha televisheni, kwenye kazi za sauti. Wenzake wakaelekea muziki wa dansi. Kirk alifariki mwaka 2021. Watson naye akawa mrekodi wa wanyamapori, na amefanya kazi kwenye vipindi vya David Attenborough, mtangazaji wa Uingereza wa vipindi vya wanyamapori.

Huko Maasai Mara alifunga maikrofoni ndani ya mbavu za mzoga wa pundamilia, akavuta waya mrefu, akakaa mbali kusubiri tumbusi. Katika albamu yake "Outside the Circle of Fire" ya mwaka 1998 unawasikia wakigombana na kurarua nyama ukiwa wewe umo ndani ya mzoga. Mwaka 2003 akatoa "Weather Report". Wimbo wake wa kwanza ni siku moja ya Mara, Oktoba 2002, tangu alfajiri hadi jioni: saa kumi na nne zimekunjwa kuwa dakika 18. Hapo unamkuta yule yule wa darini, anakata na kuunga. Mwaka huo huo kanda za darini nazo zilitolewa, kwa jina "Methodology '74/'78: Attic Tapes".

Kwa hiyo mimi ningekuanzisha na Mara, usiku, kwa spika za masikioni. Kisha "Nag Nag Nag" tena. Kisha albamu "Red Mecca" ya mwaka 1981, Watson akiwa bado yumo, na kwangu mimi ndiyo bora kuliko zote. Kanda za darini ziache mwisho, ni ngumu.

Na kwa kuwa unatengeneza midundo: chukua simu yako uende kwenye mashine ya kusaga ya mtaani kwenu, umwombe mwenyewe ruhusa, urekodi dakika tano. Kata pale mkanda wa mashine unapopiga, uuzungushe, ujenge juu yake. Ila usisimame karibu sana na injini, sauti itapasuka.