Maji yakitulia yakawa meupe, metali haijaisha
Mkuu umeuliza kama maji ya kijito kinachopita kwenye marudio ya zamani (mabaki ya mawe yaliyosagwa mgodini) ukiyaacha yatulie, risasi (ile metali, lead) na shaba zinakuwa zimetoka. Sehemu yake inatoka kweli, ila haiendi mbali, inakaa kwenye tope.

Iko hivi, chembe za udongo wa mfinyanzi ni ndogo mno, chini ya milimita 0.002, na uso wake una chaji hasi, sasa risasi, shaba na kadimiamu zikiwa kwenye maji zina chaji chanya kwa hiyo zinanasa pale. Mvua ikipiga, tope linabeba mzigo wote mpaka mtoni, na hapo ndo ujue safari ya ziwani imeanza. Nilijaza chupa ya lita moja huku upande wa Geita baada ya mvua, mchanga ulishuka hapohapo lakini kesho yake asubuhi maji bado yalikuwa kama chai ya maziwa, ule ndo mfinyanzi wenyewe. Ukitia shabu (ile ya kusafishia maji) unashuka haraka, sawa, ila lile tope la chini usimwagie mchicha, nakuomba sana.

Halafu kuna asidi. Mawe yenye salfaidi (madini yenye salfa ndani) yakipata hewa na maji yanatengeneza asidi, na maji yakiwa makali mfinyanzi unaachia ulichoshika, kwa hiyo maji yanaweza kuwa meupe pee na yamejaa metali. Kuchemsha hakusaidii hapo. Peleka sampuli maabara, maji na tope vyote viwili, usipeleke maji peke yake.