Mteja wa IST akitaka rimu pana nyuma

Vijana mnaoanza kazi ya tairi na rimu, ombi hili mtalizoea: mteja ana Toyota IST au Vitz, anataka rimu pana nyuma kuliko mbele, "ikae kama Mark X." Msikimbilie spana. Mark X za kawaida zinasukumwa na tairi za nyuma, kwa hiyo upana kule una kazi. Kwenye IST za kawaida kazi yote iko mbele: injini na giaboksi zimelala huko, tairi hizohizo zinavuta, zinakata kona, na ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya breki. Za nyuma zinafuata tu, kama tela.

Ukiongeza mshiko nyuma ukaacha mbele ilivyo, kwenye kona ya kasi pua inagoma. Unakata usukani, gari linazidi kwenda nje. Si hatari kubwa kwa dereva anayejua kuachia mafuta, ila mteja amelipa pesa gari ligeuke vibaya kuliko alivyolinunua. Akisema anataka urembo tu, sawa, gari ni lake. Ajue tu kwamba ni urembo.

Viwanda vilivyocheza na upana kwenye magari ya aina hii vilifanya kinyume. Pontiac Grand Prix GXP ya Marekani, iliyotoka 2005 na injini ya V8 inayovuta kwa mbele, ilifungwa tairi za upana wa milimita 255 mbele na 225 nyuma. Lakini msiige hilo kichwakichwa. Ukipanua mbele na kuacha nyuma vipara, siku ya mvua mkia ndio utakaotangulia. Tairi zenye kashata nzuri zikae nyuma, hata kama gari linavuta kwa mbele.

Ugomvi mwingi wa gereji, hata hivyo, unatokana na ofseti, yaani umbali kwa milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapokaa kwenye habu. Tuseme rimu iliyopo ina upana wa inchi 6, ofseti 45, na mpya ni inchi 7, ofseti 38. Inchi moja iliyoongezeka ni milimita 25.4, inagawanyika 12.7 kila upande. Halafu ofseti imeshuka 7, maana yake rimu nzima imesogea nje milimita 7. Ukingo wa nje unatoka 19.7, wa ndani unaingia 5.7. Sasa chukua rula, pima nafasi iliyopo kati ya tairi na shokapu, kisha kati ya tairi na madigadi. Hesabu hii ifanyike kabla mteja hajatoa hela. Mbele kuna jingine: rimu ikitoka nje sana, ukikanyaga mafuta usukani unavutavuta mkononi, na beringi zinabeba mzigo ambao hazikutengenezewa.

Ukishafunga, paka chaki ukingo wa ndani wa madigadi. Kata usukani hadi mwisho kushoto na kulia, kisha pakia watu wazima watatu kiti cha nyuma, mpite kwenye tuta taratibu. Pale chaki ilipofutika ndipo tairi inapogusa. Sikio peke yake linadanganya, hasa redio ikiwa inaimba.

Kimo cha tairi nacho kisipishane. 185/65 R15 (upana milimita 185, kimo cha ubavu asilimia 65 ya upana huo, rimu ya inchi 15) ina kipenyo cha milimita 621.5, na 205/60 R15 ni 627, hizo zinakaribiana. Mtu akikuletea 205/65 R15, hiyo ni 647.5, na ABS, mfumo unaozuia tairi zisigande ukifunga breki, unalinganisha mzunguko wa kila tairi, kwa hiyo vimo tofauti vinauchanganya. IST ya 4WD, inayosukumwa na tairi zote nne, yenye vimo tofauti mbele na nyuma mimi siifungi, hata akibembeleza.

Mwisho mwambieni kwamba hataweza tena kuhamisha za mbele kwenda nyuma, na za mbele ndizo zinazoisha haraka. Andikeni saizi zote mbili kwenye risiti. Akipasua tairi Chalinze usiku, muuza tairi atamuuliza saizi, na mteja atakuwa anakumbuka moja tu.